Andalio la Somo

Kipindi cha nne, Kidato cha Kwanza B, shuleni kwetu Makorora.
Mada: Heshima kwa Wengine. Dakika arobaini.
Lengo mahususi: ifikapo mwisho wa kipindi
kila mwanafunzi aweze kueleza, kwa mifano mitatu.
Mwalimu wa taaluma alikwisha kugonga muhuri.

Nikaandika ubaoni H, E, S, H,
chaki ikalia, ikakatika kwenye I,
nao wakanakili, midomo imebana,
kama watu wanaonakili deni la dukani.
"Heshima ni nini?" Vidole vikaota.
Semkiwa akasema: kuamkia wakubwa.
Mwanamvua akasema: kutojibizana.
Nikasema vyema, mpigieni makofi,
wakapiga yale ya kilo.

Ndipo ndoo ikapita dirishani,
ile ya bluu, mshikio wa waya,
na nyuma yake yule mama mfagizi
anayeutupa pembeni mguu wa kushoto
kama anayesukuma mlango usiofunga.
Kihiyo, dawati la nyuma, mtoto mwenye kipaji,
akanyanyuka nusu, akautupa wake.
Darasa likapasuka.

Hasira nilikuwa nayo tayari, nimeipiga pasi.
"Kihiyo! Simama! Yule unayemwiga ni mama wa watu.
Angekuwa mama yako?" Na mengine hayo
tuliyoambiwa sote, yakatupita.
Akasimama, kidole kikichimba dawati.

Kisha Nambua, yule asiyesema,
anayekuja na baiskeli ya kaka yake kutoka Mikanjuni,
sketi ina alama ya mnyororo,
akauliza, wala si kwa ujeuri:
"Mwalimu, kwani anaitwa nani?"

Miaka sita.
Miaka sita napokea mkononi mwake ufunguo wa stoo,
naruka maji yake mlangoni, "pole na kazi,"
namwita mama, wewe mama, mama wa usafi.
Kikohozi chake nakijua hata gizani.
Jina nikalitafuta mdomoni
kama mteja anayepapasa mifuko
na sukari imeshapimwa, imeshafungwa.

Wananingoja, arobaini na saba.
"Sijui," nikasema.
Kihiyo akainua kichwa.

Nikatoka, sikuacha hata kiranja.
Nikamkuta bombani, kwenye kivuli chembamba cha tangi.
"Samahani, mama. Jina lako nani?"
Akatua ndoo. Akafuta mikono kwenye kanga, polepole,
macho yake kwenye viatu vyangu.
"Kimepotea nini, mwalimu?"

Andalio langu halikuwa na swali hilo.

Nilieleza vibaya, nikaeleza tena.
Akanipima kama anayepima kitambaa cha mkopo,
mwisho akalitoa, lote, na la baba yake:
Mwantumu Semhando.
Akaongeza, bila kuulizwa, kuwa alizaliwa kambini,
kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Muheza,
na kwamba shuleni, miaka ile, alikuwa wa kwanza kwa hesabu.
Mguu hakuutaja. Nami sikuuliza.
Si kila kitu cha mtu ni mfano wa somo.

Niliporudi, rimu ya lori ilikuwa imeshagongwa,
kipindi kimekwisha, lakini walikuwa wamekaa.
Ubao haukuwa na nafasi.
Nikafuta nusu ya neno langu kubwa
nikaliandika jina lake hapo. Semkiwa akaniambia
nimeruka herufi. Kweli, nilikuwa nimeruka.

Kwenye daftari la maandalio, penye Tathmini,
nikaandika: lengo halikufikiwa.
Mwalimu wa taaluma akagonga muhuri. Hakusoma.

Kesho yake, kabla ya paredi, Kihiyo akapita bombani.
"Shikamoo, Bi Mwantumu."
Lakini maji yalikuwa yanapiga ndoo tupu
na mama hakusikia.
Mtoto akageuka, akanitazama.
Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu,
kiatu chenyewe hakina kamba.
Akasubiri ndoo ijae.
Akarudia.